Korja Tatu na Saba

Barua ya kwanza ambayo Mardhiya aliisoma mwenyewe, bila kumpelekea Mwinyijuma wa dukani amsomee, ilikuwa barua ya kumwambia kwamba mwanawe hana akili.

Haikusema hivyo waziwazi. Mwalimu Msabaha alikuwa kijana wa adabu, mwandiko wake umelala vizuri juu ya mistari. Alichoandika ni kwamba mwanafunzi Sihaba Kibwana wa darasa la pili hesabu hazimwingii, kwamba ameonywa, ameadhibiwa, na hali ni ile ile. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu atarudishwa darasa la kwanza, aanze upya na watoto wadogo. Mardhiya aliisoma amesimama uani, kidole kikifuata neno baada ya neno, na wali ukaungua mpaka harufu ikafika kwa jirani.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja, mwaka ambao Bagamoyo nzima mama na bibi walitembea na madaftari kwapani. Mardhiya mwenyewe, katika miaka yake ishirini na mitano, alichojua kusoma zamani kilikuwa Kurani tu. Sasa alikuwa na miezi mitano katika kisomo cha alasiri cha Bi Dija. Alikuwa ameiwazia sana siku atakayosoma barua yake kwa macho yake. Aliwazia barua ya salamu.

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema peke yake, "Hapana."

Si aibu ya darasa la kwanza iliyomtisha. Bimdogo, dada wa mumewe, aliyeolewa Zinga, alikuwa akimwomba Sihaba tangu mfungo wa Ramadhani: shamba kubwa, mikono michache, mpunga unataka mtu wa kufukuza ndege. Kibwana, mumewe, utingo wa lori la chumvi, hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba shule ikimtaka mtoto, abaki. Ikimkataa, aende kwa shangazi yake, huko nako ni kwao. Sasa shule imeandika. Kibwana angerudi Alhamisi, na Jumamosi lori lao lingepita Zinga likienda Dar es Salaam. Leo Jumanne. Mardhiya alihesabu siku zake kwa vidole. Hazikujaa mkono mmoja.

Sihaba alirudi kutoka kisimani akakuta mama yake ameketi na daftari lake la hesabu mapajani. Alikuwa na miaka minane, mapengo mawili mbele, na tangu fimbo zianze alikuwa ameacha kutaja namba kwa mdomo. Ukimwuliza mayai mangapi, anakuonyesha. Ukimwuliza hesabu, anaandika na kunyamaza. Darasani wenzake walimwita Bi Kosa, na jina lilikwisha kumfuata mpaka mtaani.

"Mwalimu kasema nini?" aliuliza.

"Kasema nikufundishe."

Ulikuwa uongo, lakini Mardhiya aliona ni uongo wa siku tatu tu. Baadaye utakuwa kweli.

Alichukua kete za bao la babu yake mtoto, akamwaga mkekani. Akamtengea kete kumi na nne upande huu na kumi na mbili upande ule, akamwambia azichanganye, azihesabu, kisha aandike. Sihaba alihesabu kimyakimya, midomo ikicheza, akizisogeza moja moja kwa kidole. Mardhiya naye akazihesabu kwa macho. Hakuruka hata moja. Hakurudia hata moja. Ishirini na sita, zote zimeguswa. Kisha mtoto akachukua penseli akaandika: 16.

Walirudia. Kumi na sita. Walirudia tena, na mara ya tatu Mardhiya akajikuta amepaza sauti, anauliza hizi kumi nyingine umezila au umezimeza, na Sihaba akanyoosha kiganja chake mbele, kimefunguka, kinangoja. Hakulia. Alinyoosha tu, kama mtu anayejua zamu yake imefika.

Mardhiya alikishika kile kiganja kwa mikono yake yote miwili, akakaa nacho hivyo kwa muda. Baadaye akamwambia akacheze. Fimbo ya shule ilikuwa imefika mpaka mkekani kwake, na yeye alikuwa karibu kuishika upande wa pili. Aliapa haitatokea tena.

Kesho yake aliliangalia daftari peke yake, tangu ukurasa wa kwanza. Hakuangalia makosa, hayo mwalimu alikwisha kuyaangalia kwa kalamu nyekundu. Aliangalia vema, zile alama za kupata. Zilikuwepo, chache, na zilikuwa za ajabu. Nane na tisa, kumi na saba: vema. Arobaini toa ishirini na tatu, kumi na saba: vema. Lakini kumi na nne na kumi na mbili, hesabu nyepesi ya kitoto, kosa. Mardhiya aliikodolea macho ile arobaini toa ishirini na tatu. Yeye mwenyewe ilimtoa jasho kwa Bi Dija. Mjinga wa namna gani huyu, anayevuka mto na kuzama kwenye dimbwi? Alizipitia zote, jibu kwa jibu, na ilipoadhiniwa alasiri alikuwa amejua jambo moja. Jibu lolote lililostahili kuwa chini ya ishirini, Sihaba alilipata. Kuanzia ishirini kwenda mbele, alikosa yote, bila kubahatisha hata moja.

Alijua jambo hilo, lakini hakujua maana yake. Alimwuliza Bi Dija kisomoni, na Bi Dija akashika kidevu, akasema pengine mtoto huchoka.

Alhamisi alasiri Mardhiya alimpelekea mkwewe chai. Mzee Mwinyimvua aliuza boriti na fito za mikoko ubavuni mwa nyumba, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na Sihaba alikuwa msaidizi wake tangu hajajua kujifunga kanga. Siku hiyo kulikuwa na fundi mjenzi anayechukua mzigo wa boriti. Mzee alikuwa akizipitisha moja moja, anaimba hesabu kama walivyoimba wenziwe wote wa biashara ile.

"Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, korja."

Hapo Sihaba akaweka kifuu cha nazi chini. Na mzee akaanza tena, moja, mbili, tatu. Wauza boriti, ishirini hawaisemi. Ishirini yao ni korja, na ikitimia huwekewa alama, hesabu ikaanza upya. Mardhiya alikuwa ameusikia wimbo huo kila siku tangu aolewe, kama mtu anavyosikia kuku.

Boriti zilikwisha. Vifuu vilikuwa vitatu vimepangwa mchangani, na zaidi yake boriti saba.

"Korja tatu na saba," Sihaba aliita, kwa sauti nzima, ya wazi, sauti ambayo mama yake alidhani imekwisha potea.

Fundi akaitikia kwamba ndiyo, sitini na saba, akaanza kupakia mkokoteni wake.

"Mama," Sihaba akasema, "chai inamwagika."

Ilikuwa ikimwagika kweli, kwenye miguu ya Mardhiya, naye hakuisikia. Katika lile daftari, ukurasa wa tisa, palikuwa na arobaini na nane kujumlisha kumi na tisa. Jibu ni sitini na saba. Sihaba aliandika 37, na juu yake alama nyekundu iliyotoboa karatasi. Tatu na saba. Korja tatu, na saba. Na ile kumi na sita iliyomfanya apaze sauti: korja moja, na sita.

Mardhiya aliketi juu ya boriti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yale machozi yakawa machozi tu.

Alipotulia alichora nyumba mbili mchangani, kama Bi Dija anavyochora ubaoni, nyumba ya mamoja na nyumba ya makumi. Akamweleza mtoto kwamba shuleni watu wakifika kumi tu, wanahamia nyumba ya pili. Hawangoji ishirini.

Sihaba aliziangalia zile nyumba. "Hawangoji korja itimie?"

"Hawangoji. Shule haina korja. Wao wana nusu korja tu."

"Maskini," mtoto akasema, na alisema kwa huruma ya kweli.

Mzee Mwinyimvua alikuwa amesikia yote. Aliweka kikombe chini taratibu. Alisema, bila kumtazama mkwewe, kwamba amewahesabia watu boriti miaka arobaini na hakuna aliyerudi kusema zimepungua. Akasema kwamba sasa ameishi mpaka kuambiwa kwamba ndiye aliyemharibu mjukuu wake.

"Hukumharibu, baba," Mardhiya akasema. Alikuwa amepiga magoti, kama inavyompasa, lakini sauti yake haikupiga magoti. "Umemfundisha. Umemfundisha hesabu kubwa kuliko yao. Kilichobaki ni kumwonyesha mlango wa kupitia kutoka huku kwenda kule. Nisaidie."

Mzee akainuka, akachagua ufito mmoja mzuri, ulionyooka, ambao mtu mwingine angeujengea, akaanza kuukata kwa panga vipande vya shibiri moja. Ulipokwisha akachukua mwingine. Alikata vijiti mia. Mardhiya na Sihaba wakavifunga kwa ukindu, mafungu ya kumi kumi, kisha wakayaunganisha mafungu mawili mawili. Kila korja ikawa na mapacha ndani yake.

"Korja ngapi hapa?"

"Tatu."

"Zifungue. Makumi mangapi?"

Sihaba alikata kamba, akayatenganisha. "Sita," akasema polepole. Akayaunganisha tena, akayatenganisha tena. Mara ya tatu hakuyagusa. Aliyatazama tu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Kibwana alirudi jua linazama, chumvi imemkauka shingoni. Mardhiya alimpa maji akaoga, akampa chakula akala, kisha akamsomea barua. Hakuficha mstari. Kibwana, ambaye hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, alisikiliza akiichokonoa mikono yake, halafu akasema basi, Jumamosi atamshusha Zinga. Hakusema kwa ukali. Alisema Bimdogo atampenda.

"Kesho naenda shule," Mardhiya akasema.

"Kumwambia nini mwalimu?"

"Kwamba amekosea."

Kibwana alicheka mpaka akapaliwa. Alimwuliza mkewe kama miezi mitano ya kisomo ndiyo imemfikisha huko, kumsahihisha mtu aliyetoka chuo cha ualimu. Akamwuliza kama mwezi ujao atakwenda kumsahihisha daktari. Mardhiya alingoja amalize kucheka. Akamwambia kwamba kama mwalimu atamshinda, atamfunga mtoto mzigo kwa mikono yake mwenyewe na kumpandisha lorini. Lakini kama hatamshinda, jina la Zinga lisitajwe tena nyumbani humo. Kibwana akasema haya.

Ijumaa asubuhi Mardhiya alivaa buibui lake, akajitwika furushi la vijiti kichwani, akamshika Sihaba mkono, akapita katikati ya mji. Watu walimwuliza, mama Sihaba, kuni hizo unampelekea nani? Akajibu kwamba si kuni, ni hesabu, akaendelea na safari.

Mwalimu Msabaha aliwapokea mlangoni mwa darasa, chaki mkononi. Alimsalimia vizuri, akasikiliza vizuri, na alipomaliza kusikiliza akasema, kwa upole wa mtu anayemfunga mwenziwe mlango, kwamba barua imekwisha andikwa na mwalimu mkuu anayo habari. Ana watoto hamsini na wawili, alisema. Hawezi kumfundisha kila mmoja kwa hesabu za kwao.

"Kwetu Ubena," akaongeza, "tunahesabu kwa vidole, mama Sihaba. Na vidole ni kumi."

"Na miguuni, mwalimu? Kwenu Ubena miguuni hakuna vidole?"

Nyuma ya mwalimu darasa zima lilicheka, likanyamaza mara moja. Mwalimu Msabaha aliangalia viatu vyake. Mardhiya hakucheka. Alishusha furushi kizingitini, akaketi kando yake, akasema kwamba hana haraka. Ampe mtoto hesabu zozote tatu, na yeye Mardhiya atakaa pale pale na mdomo wake ataufunga. Akiondoka, ataondoka na jibu.

Mwalimu angeweza kumfukuza. Pengine ni vile alivyoketi, kama mtu aliyekuja na chakula cha mchana. Akachukua chaki, akaandika ubaoni thelathini na sita kujumlisha ishirini na saba.

Sihaba alisimama mbele ya ubao. Bi Kosa, mtu mmoja akanong'ona, na mwalimu akageuka na kumtazama huyo mtu. Mtoto alifumba macho.

"Korja tatu na tatu," akasema kwa sauti.

Mwalimu alimtazama Mardhiya, maana yake, unaona? Mardhiya aliukaza ukaya wake wa buibui mdomoni. Sihaba akafumbua macho, akachukua chaki, akaandika 63.

Hesabu ya pili mwalimu hakuitoa kitabuni. Alifikiri kidogo, akaandika hamsini na nane kujumlisha sitini na saba, hesabu ambayo jibu lake linavuka mia, na mia walikuwa hawajafika. Sihaba alifumba macho tena, vidole vikicheza ubavuni. Korja sita na tano, akasema. Kisha, makumi kumi na mawili. Akaandika 125, akaweka chaki chini. Mwalimu naye alikuwa akiitafuta kwa kalamu pembeni ya daftari lake, akibeba moja, na alipoinua kichwa alimkuta mtoto anamngoja.

Ya tatu ilikuwa ya kutoa: sabini na nne toa thelathini na nane. Hapa Sihaba alichelewa. Korja moja na kumi na sita, alisema mwishowe, na akaandika 216.

Darasa likaguna. Mia mbili na kumi na sita, kutoka sabini na nne. Mwalimu Msabaha akavuta pumzi, mkono wake ukaenda kwenye kalamu nyekundu mfukoni, na Mardhiya akauma nguo ya buibui mpaka akaonja uzi. Alilijua kosa. Aliliona vile unavyoona tundu kwenye nguo ya mtu aliye mbele yako barabarani. Alikuwa ameahidi kufunga mdomo. Akauma.

Sihaba alilitazama jibu lake. Safari hii hakunyoosha kiganja. Alirudi mpaka kizingitini, akafungua furushi, akatoa korja moja na vijiti kumi na sita. Korja akaigawa: makumi mawili. Halafu akavitazama vile kumi na sita vilivyotawanyika, na uso wake ukabadilika.

"Kuna kumi limejificha humu," alisema, si kwa mwalimu wala kwa mama yake. Akalitoa, akalifunga ukindu, akaliweka na wenzake. Akarudi ubaoni, akafuta kwa kiganja, akaandika 36.

Kalamu nyekundu ilirudi mfukoni. Mwalimu Msabaha alichuchumaa kizingitini, akashika fungu moja, akalipindua, akauliza nani alikata vijiti hivi, na Mardhiya akamwambia. Akauliza kama boriti zote huhesabiwa hivyo hapa pwani. Zote, akaambiwa. Alikuwa na wengine wawili darasani ambao baba zao wanauza boriti, alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia mtu. Na hao nao wanakosa. Hakuomba radhi. Mardhiya hakuja kwa ajili ya radhi.

"Basi Jumatatu aje," mwalimu akasema. "Akae mbele. Tutamtazama mpaka mwisho wa muhula. Mwambie baba yake hivyo."

Mardhiya hakuinuka. "Ile ya kwanza hukuja kuniambia, mwalimu. Uliandika. Na hii andika."

Mwalimu akachana karatasi. Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya ukuta, na mwandiko safari hii haukulala vizuri juu ya mistari. Mardhiya aliisoma pale pale, kwa kidole, yote, mpaka sahihi, huku watoto hamsini na wawili wakimngoja. Ndipo akasema ahsante, akaliacha furushi pale kizingitini, kwa sababu mwalimu alikuwa ameomba abaki nalo.

Alasiri hiyo Kibwana alikuwa ametoka msikitini, ameketi barazani na baba yake. Mardhiya alisimama mbele yao akaifungua barua. Ilisema kwamba mwanafunzi Sihaba Kibwana ataendelea na darasa la pili. Ilisema kwamba anajua kuhesabu vizuri kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba makosa yake yalikuwa ya kuandika, si ya akili. Ilimwomba Mzee Mwinyimvua, kama ana nafasi, afike shuleni siku moja awaonyeshe watoto jinsi boriti zinavyohesabiwa. Hapo mzee alikohoa, akaivuta kofia yake mbele kidogo.

Kibwana aliomba isomwe tena. Ikasomwa. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaigeuza huku na huku akitafuta lile neno akili liko wapi.

"Ameandika hivyo kweli," akauliza, "au unajisomea tu yanayokupendeza?"

"Kisomo ni Jumatatu na Jumatano, saa kumi," Mardhiya akamwambia. "Njoo ujisomee."